Nyumba ya Tisa

Katika kijiji cha Mzee Jua hakuna anayetulia. Kila mwenye nyumba hutembea kuuzunguka moto wa mzee, na mwaka wa kila mmoja ni ule mzunguko wake mwenyewe. Utaridi, anayeota moto kwa karibu, humaliza mwaka kwa siku 88. Pluto, aliyejaliwa baridi ya kule nyuma, huumaliza kwa miaka 248 ya nyumbani kwa Bi Dunia.

Watoto wa Bi Dunia ndio waliojitwika kazi ya kuwahesabu wengine. Usiku hupanda vilimani, hukodoa macho gizani, na wakimwona mtu wasiyemjua humwandika daftarini. Februari 1930, kijana mmoja aliyekulia shambani Kansas, Clyde Tombaugh, alikuwa akilinganisha picha mbili za anga katika kituo cha Lowell huko Arizona. Nyota zote zilikuwa palepale. Nukta moja ilikuwa imesogea. Msichana wa miaka 11 wa Oxford, Venetia Burney, akapendekeza jina la Pluto, na nyumba ya tisa ikaandikwa.

Kwa miaka 76 Pluto akawa anaitika kila hesabu inaposomwa. Lakini kuanzia 1992 giza la kule nyuma ya Neptuni lilianza kutoa sura nyingine, moja baada ya nyingine, mpaka ikajulikana kuwa Pluto hakai peke yake, anakaa mtaani. Kisha mwaka 2005 akatangazwa Eris. Vipimo vya leo vinampa Pluto kipenyo cha kilomita 2,377 na Eris 2,326, ila Eris ni mzito kuliko Pluto kwa zaidi ya robo. Watoto wa Bi Dunia wakaingiwa na wasiwasi, na wasiwasi wao ulikuwa wa haki: huyu tukimwandika wa kumi, nyuma yake wanasubiri wangapi?

Baraza likaketi Prague, chini ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, tarehe 24 Agosti 2006. Pluto akaulizwa maswali matatu.

“Unamzunguka Mzee Jua mwenyewe, humzunguki mtu mwingine?”

“Ndiyo.”

“Uzito wako umekufinyanga ukawa mviringo?”

“Ndiyo, nitazameni.”

“Njia yako umeifagia?”

Hapo Pluto akanyamaza kidogo. “Njia yangu ina majirani wengi,” akasema. “Hata Neptuni tunapishana. Kati ya 1979 na 1999 nilikuwa karibu na moto kuliko yeye. Lakini hatugongani: yeye akizunguka mara tatu, mimi nazunguka mara mbili, na tumeheshimiana hivyo tangu zamani.”

Baraza likaandika: hajafagia. Basi si sayari. Ni sayari kibete.

Swali la tatu si la kipuuzi, nami sitaki msikilizaji adhani baraza lilikuwa na chuki. Wenye nyumba wakubwa, mfano wa Mshtarii, waliwameza majirani zao, au wakawatupa mbali, au wakawafunga wawatumikie. Anayetaka kujua kijiji kilivyojengwa lazima aulize nani alifagia na nani hakufagia. Ila swali hilo humpima mtu pamoja na mtaa wake. Anayekaa mbali na moto hutembea polepole katika njia ndefu mno, kwa hiyo ili aifagie inampasa awe mzito kuliko anayekaa karibu. Mtu yuleyule, mwenye mwili uleule, anaweza kupata jina moja akikaa kwenye joto na jina jingine akihamia kwenye baridi. Na jina lenyewe linaniuma kwa sababu ya lugha. Kwetu kuku kibete ni kuku, hutaga na kuatamia. Ufupi haumtoi kwenye ukoo. Prague waliamua kwamba sayari kibete isihesabiwe kuwa sayari.

Habari zilipomfikia, Pluto alipata salamu kutoka mbali, kwa Bi Seresi, anayekaa kati ya Mirihi na Mshtarii.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Nasikia unalia.”

“Wamenitoa.”

“Mimi aliniona Giuseppe Piazzi, akiwa Palermo, usiku wa tarehe 1 Januari 1801. Nikaitwa sayari, nikashangiliwa. Mwaka uliofuata wakamwona Pallas, 1804 Juno, 1807 Vesta. Nikabaki kwenye vitabu vyao miongo kadhaa, kisha majirani zangu walipozidi wakaniita asteroidi. Kwangu hakuna aliyepiga kura, mwanangu, wala aliyelia. Watoto waliendelea kusoma, wakaniruka.”

“Pole, bibi.”

“Sikiliza sasa. Siku ileile uliyotolewa wewe, mimi nilipandishwa. Nina kilomita 940 hivi tu, lakini ni mviringo, kwa hiyo nami naitwa sayari kibete. Neno ulilolilia wewe, mimi nimelipokea kwa vigelegele. Kati yetu ni nani aliyebadilika mwili?”

Pluto akatazama nyumbani kwake. Charon, mwezi wake, alikuwa bado anamkabili uso kwa uso, kama kawaida yao, wakizungukana kwa siku sita na ushei. Miezi mingine minne ilikuwa mahali pake. Hakuna uliokuwa umeondoka kwa sababu ya kura.

Mwaka 2015 wote wawili walipata wageni. Kwa Bi Seresi chombo cha angani Dawn kiliwasili Machi, kikakaa. Cha kwa Pluto, New Horizons, kilikuwa kimeondoka kwa Bi Dunia Januari 2006, miezi saba kabla ya kura. Kilianza safari kwenda kwenye sayari, na tarehe 14 Julai 2015 kikamkuta sayari kibete. Wengi walitarajia kuona jiwe la barafu lililokufa. Wakaona milima ya barafu ya maji ya mita 3,500 na zaidi, na uwanda mweupe wa barafu ya nitrojeni usio na makovu ya vimondo, maana barafu ile bado inajipindua na kuufanya uso upya.

Chombo hakikuweza kusimama. Kilipita umbali wa kilomita 12,500 hivi, kikiwa kimebeba majivu kidogo ya Clyde Tombaugh, aliyefariki mwaka 1997.

“Ni wewe uliyeniona nikisogea,” Pluto akamwambia.

Kisha akaendelea na njia yake. Tangu ule mwezi wa Februari 1930 hajamaliza hata mzunguko mmoja. Ataumaliza mwaka 2178.