Betri Inayolala Ndani

Trekta la dizeli lina uvumilivu wa kumlemaza mwenye nalo. Likishawaka halidai umeme. Halina plagi wala koili, mafuta yanashika moto kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda, na kulizima ni kuvuta kitufe kinachokata dizeli. Umeme unauhitaji kwa ajili ya stata, taa na honi, basi. Ndiyo maana mfumo wa chaji ukifa, mwenye trekta haiti fundi. Anatafuta mteremko.

Baba Mdogo ana Massey Ferguson 135 upande wa Kongwa, aina ile iliyoanza kuundwa Coventry, Uingereza, miaka ya 1960, yenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Shamba lake ni tambarare tupu, na kwenye tambarare mteremko ni mali. Aliokuwa nao ulikuwa mmoja, tuta la lambo. Trekta likawa linalala juu ya tuta, magurudumu yamezuiwa kwa mawe. Alfajiri dereva anaondoa mawe, anatia gia kubwa, linaserereka, anaachia klachi, injini inakohoa na kushika. Shida ilikuwa ng'ombe. Saa ambayo trekta linatakiwa kushuka ndiyo saa ng'ombe wa kijiji kizima wanapanda kunywa maji, na honi ya kuwafukuza nayo inataka betri. Siku lilipozimika katikati ya shamba, ililazimu kusubiri trekta la jirani lije kulivuta, na jirani alikuwa analima kwake. Kwa hiyo dereva akala chakula cha mchana huku injini inanguruma, dizeli inateketea.

Wenyeji wa Kongwa hawaogopi trekta lililokufa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapa na mpango wao mkubwa wa karanga, wakaleta matrekta ya kila namna, mengine yakiwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'oa visiki. Ardhi ikayashinda, mvua ikagoma, na mwaka 1951 mpango ukafutwa. Ukimlalamikia mzee wa huku kwamba trekta lako haliwaki, atakutazama kwa upole tu.

Lawama zote ziliiangukia betri. Betri ndicho kitu kinachoonekana na ndicho kinachouzwa, dukani Kibaigwa zimepangwa mpaka mlangoni. Baba Mdogo alinunua mpya. Baada ya muda mfupi ikawa inakutwa asubuhi imelala fofofo, stata inatoa kile kimlio cha "tki" na kunyamaza.

Hapo Mama Mdogo akatoa ushahidi wake. Jioni nyingi betri ilikuwa inafunguliwa kwenye trekta na kubebwa hadi sebuleni kuendesha kitelevisheni cha volti 12. Ikiwa ni siku ya Simba na Yanga, sebule inajaa mpaka watu wanachungulia dirishani. "Mnainyonya usiku kucha, halafu asubuhi mnataka ilime?" Hoja ilikuwa nzito, na aliyeitoa ndiye anayepika. Televisheni ikapigwa marufuku, betri ikaamriwa ilale kwenye trekta ipumzike.

Hali ikawa mbaya zaidi. Dereva, ambaye ni Yanga damu na alikuwa ameumizwa na ile marufuku, ndiye aliyegundua jambo ambalo hakuna aliyetaka kulisikia: betri iliyotazama mpira ilikuwa inawasha trekta, iliyopumzika haiwashi. Alilisema hadharani, tena mara nyingi. Tukaona ni maneno ya mtu anayetaka kurudishiwa televisheni.

Kumbe ndiyo kauli pekee ya kiufundi iliyokuwa imetamkwa pale tangu msimu uanze.

Fundi aliyekuja mwishowe ni mzee mwembamba aliyefanya kazi miaka mingi kwenye karakana za mashamba makubwa. Shikamoo tukampa, chai akaikataa, akaomba stuli. Akaagiza swichi zote zizimwe, kisha akagusisha waya kwenye kichwa cha betri. Cheche zikaruka kama za mtu anayechomelea. "Siku za televisheni kila asubuhi nikiirudisha ilikuwa hivyo," dereva akasema kwa fahari, "betri ina nguvu hii!" Mzee hakujibu. Aliufunga ule waya, akaweka kiganja juu ya dainamo, akakaa. Tukakaa naye. Baada ya muda akamwita Baba Mdogo aweke mkono. Dainamo ilikuwa inapata moto, na injini haijawashwa tangu jana.

Kisha akalegeza mkanda wa feni na kuuvua. Dainamo ikaanza kuzunguka yenyewe. Trekta limezimwa, limetulia, na ile puli ya mbele inazunguka kwa mwendo wa heshima. Watoto wakapiga makofi. Jirani mmoja akarudi nyuma hatua kadhaa na kuuliza iwapo mchungaji yupo nyumbani.

Mzee akachomoa waya wa betri, onyesho likaisha, akaeleza bila kuinua sauti. Dainamo na mota ni ndugu. Ukiizungusha inakupa umeme, ukiipa umeme inataka kuzunguka. Mkanda ukiwa umefungwa haiwezi kuizungusha injini nzima, kwa hiyo inabaki imekwama pale pale, inakunywa betri na kuugeuza umeme kuwa joto. Ili isifanye hivyo, kuna katauti: kikoili na vijino viwili vinavyoshikana dainamo inapozalisha vya kutosha, na kuachana injini inapozimwa. Ni mlango unaofungwa usiku.

Akafungua kifuniko cheusi cha kisanduku cha katauti. Kati ya vijino, imekunjwa vizuri na kusindiliwa, ilikuwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara.

Kumbe mwaka uliopita taa nyekundu ya chaji ilikuwa haizimiki, na kijana mmoja anayetengeneza redio aliitwa, akafanya kazi kwa dakika chache, taa ikazimika, akaondoka na jogoo. Vijino vilikuwa vichafu tu, havishikani vizuri. Yeye akavishikisha moja kwa moja. Taa ile huwaka pale umeme wa dainamo na wa betri unapotofautiana. Ukiziunganisha mchana na usiku haina tena cha kusema. Haikuwaka tena hata ufunguo ulipowashwa injini ikiwa kimya, wakati ambao ilipaswa kuwaka, na nyumba nzima ikaichukulia kuwa ni afya. Tangu hapo betri iliyoachwa kwenye trekta ilinyonywa usiku. Iliyokwenda sebuleni ilitumika saa mbili za mpira, ikabaki na nguvu tele.

Mzee alisugua vijino kwa msasa laini, akarekebisha springi, akatia matone machache ya oili kwenye kitundu cha nyuma ya dainamo, akarudisha mkanda na kuubonyeza kwa dole gumba. Mita ikaonyesha volti 14 injini ilipopandishwa. Malipo yake yalikuwa madogo kuliko bei ya betri, jambo lililomkera Baba Mdogo kuliko yote. Kabla ya kuondoka alisisitiza: mkiwasha ufunguo taa nyekundu itawaka, na injini ikiwa kwenye sailensa inaweza kuwaka kidogo, kwa sababu dainamo ya zamani haichaji kwa mwendo wa chini. Mkikanyaga mafuta itazima. Msiiguse.

Nilirudi Dodoma. Wiki iliyofuata Baba Mdogo akapiga simu, sauti imejaa wasiwasi.

"Mwanangu, yule mzee wenu hakumaliza kazi. Taa imewaka tena."

"Wakati gani, Baba Mdogo?"

"Tukifungua ufunguo tu. Lakini usihangaike kuja. Tumeshamwita yule kijana wa redio."