Ni Umri Tu, Mama

Mwezi wa saba Arusha hii, Meru haionekani kwa mawingu na watu wazima wamevaa makoti mawili. Mimi ndani ya kifodi cha Sakina navuja jasho. Nikisogeza dirisha kidogo, abiria wote wananipigia kelele kwamba nawaua kwa baridi.

Nikaenda zahanati. Unasema joto? Malaria hiyo. Nikatobolewa kidole: hamna. Taifodi: hamna. Presha nzuri, sukari nzuri. Daktari kijana, shikamoo yake tamu kabisa, akafunga faili. "Ni umri tu, mama."

Umri! Corolla yangu ni ya mwaka 1998 na fundi wangu wa Unga Limited hajawahi kuniambia ni umri tu. Anafungua boneti, anachukua hela yangu, gari linawaka.

Kwenye kikoba ndiyo usiseme. Huyu ananiagiza mlonge, yule mizizi ya Wamasai pale Kilombero, wifi yangu anaona nimerogwa. Wanayasema hayo huku nusu yao wanajipepea kwa kanga.

Kumwona bingwa wa wanawake nako kazi. Unakaa benchi moja na wajawazito, kuta zimejaa mabango ya kliniki na kunyonyesha, nesi anakuuliza, "Mama, umemsindikiza binti?" Ukishamaliza kuzaa, hata bango hupati.

Ila bingwa mwenyewe, Mungu ambariki, alinisikiliza. Kumbe hedhi ikielekea kukoma, homoni ya estrojeni inashuka, na ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inavurugika. Na dawa ipo! Vidonge vya homoni. Mwenye kizazi chake anaongezewa projesteroni, kwa sababu estrojeni peke yake inaweza kuleta saratani ya kizazi. Aliyewahi kuugua saratani ya titi kwa kawaida hapewi, anatafutiwa dawa nyingine. Utafiti wa Wamarekani wa mwaka 2002 kuhusu homoni hizi ulitia watu hofu dunia nzima, lakini baadaye ikaonekana kwamba kwa wengi wanaoanza kabla ya miaka 60, wakiwa na afya njema, faida huzidi hatari.

Nikaingia duka la dawa na cheti changu. Binti akakisoma, akanitazama, akakisoma tena.

"Mama," akapaza sauti, "hizi homoni ni za uzazi wa mpango?"

Foleni nzima ikageuka kunitazama kwa heshima mpya.