Ombi la Kuisajili Chupa ya Plastiki Kuwa Samaki

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, Mazingira na Uvuvi,
Maputo.

Mheshimiwa,

Kutoka Olumbi, wilaya ya Palma, tunakuja na ombi moja tu: chupa ya plastiki isajiliwe kuwa samaki.

Usicheke kwanza. Serikali ilipoundwa upya mwanzoni mwa 2025, mazingira na uvuvi viliwekwa chini ya wizara moja, nasi huku pwani tukasema hapo ndipo penyewe. Samaki na takataka anazoingia nazo wavuni sasa wana mkubwa mmoja. Kilichobaki ni daftari: samaki yumo, chupa haimo.

Samaki akivuliwa, mambo yake yanajulikana. Ana leseni, ana baraza la jamii la uvuvi la kumsemea, ana mizani, ana bei. Mchuuzi anamngoja ufukweni kabla tanga halijashushwa, na barafu ikipatikana, nguru atafika mbali kuliko mvuvi aliyemvua. Chupa iliyoingia katika juya lilelile haipati hata wa kuiuliza kwao wapi.

Na kwao huenda kukawa mbali. Mkondo wa Ikweta ya Kusini huvuka Bahari ya Hindi nzima, na ukifika karibu na Rasi Delgado hugawanyika: tawi moja hupanda Tanzania na Kenya, jingine hushuka Mlango wa Msumbiji. Watafiti waliookota chupa katika fukwe za Kenya walikuta zilizotoka Indonesia. Sisi tuko penye njiapanda yenyewe. Gesi ya Afungi, hapahapa wilayani kwetu, bado haijapakiwa kwenda ng'ambo, lakini mzigo wa ng'ambo unashushwa hapa kila maji yakijaa, bila ushuru. Hata hivyo tusimsingizie Mwindonesia peke yake. Chupa nyingine zimekuja kwa lori zikiwa zimejaa, tukazinywa wenyewe.

Elimu tumepata. Mara kwa mara huja wageni wa mradi fulani na fulana na kofia, wakatufundisha kwamba plastiki ina madhara na kwamba itumike tena. (Maji ya semina huwa ya chupa.) Kutumia tena! Mheshimiwa, dumu la mafuta ya kula halifi kijiji hiki. Mafuta yakiisha, linatekewa maji. Likipasuka, linakatwa kuwa upo wa kufutia maji chomboni. Malapa yaliyochoka hugeuka maboya ya nyavu. Machi 2021, Palma iliposhambuliwa na watu wakakimbia na walichoweza kubeba, mwenye dumu la maji alijua kabisa amebeba nini. Mtu kama huyo usimfundishe thamani ya plastiki. Mwoneshe pa kuiuza.

Sheria pia tunazo, na kuzisoma ni raha. Amri ya 16 ya mwaka 2015 ilipiga marufuku mifuko yenye unene chini ya mikromita 30. Mwenye kibanda wetu hana kipimo cha mikromita. Yeye anatia kilo ya sukari na kumwomba Mungu. Tamu zaidi ni Amri ya 79 ya 2017: anayetengeneza au kuingiza vifungashio nchini awajibike navyo hata vikishatumika, na ipo tozo ya mazingira juu yake. Kwa hesabu zetu za pwani, chupa iliyouzwa kihalali na sasa imelala mchangani ilipaswa kuwa imeshalipiwa nauli ya kurudi. Tunauliza kwa adabu: nauli hiyo inasubiri kituo gani?

Utasema, mbona wenzenu wa Lamu? Kweli, mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini Flipflopi, chombo cha plastiki iliyookotwa, kilichovikwa malapa ya kila rangi, na mwanzoni mwa 2019 kikatweka kwenda Unguja. Tunawapa heko. Mafundi hata huku wapo, lakini huwezi kuunda jahazi kila maji yakijaa, na hata lile lilitaka watu wa kuchambua, kusaga na kuyeyusha. Plastiki ina makabila. Chupa ya maji haiyeyushwi pamoja na kizibo chake. Kizibo huelea, chupa ikijaa maji huzama, maana yake hata baharini hawakai nyumba moja. Dumu nalo ni ukoo mwingine. Pakiti za biskuti, mnunuzi wake hajazaliwa.

Kinachotushinda ni upepo. Chupa tupu ndani yake mna upepo, na hakuna mfanyabiashara atakayepakia upepo kutoka Olumbi, apite Mocímboa da Praia mpaka Pemba, katika njia ambayo magari yameshazoea kungoja msafara wa askari. Tupeni mashine ya kugandamiza, hata ya mkono. Upepo utoke, lifungwe robota, lipakiwe katika lori lilelile lililoleta soda na maji Palma, badala ya kurudi tupu. Mafuta ya safari hiyo ayachangie aliyeziingiza chupa nchini. Amri ya 2017 imeshamtaja.

Chupa ikishakuwa samaki, mengine yatajipanga. Mizani iwekwe ufukweni, bei ya kilo kwa metikali ibandikwe ukutani, chupa na dumu vipimwe mbalimbali kama nguru na dagaa. Watoto watakuwa wavuvi hodari kutushinda. Msimu wa kufunga uvuvi hatuuombi. Kwa pweza tunauelewa, apumzike azaliane. Huyu wetu anazaliana bila kupumzishwa.

Jibu lako, Mheshimiwa, lije na lori.

Wako mtiifu,
Mvuvi wa Olumbi