Sweta ya Bibi na Matangazo ya Desemba

Wilaya ya shule wanakosoma watoto wetu, pembezoni mwa Minneapolis, ina mdomo. Sisemi kwa ubaya. Wilaya ya shule huku Marekani ni kama serikali ndogo: ina bodi inayopigiwa kura, ina mkuu wake, ina mabasi yake ya manjano, na ina namba za simu za wazazi wote. Ikifika Desemba namba hizo hazilali. Utapata ujumbe wa chawa walioonekana darasa la pili, ujumbe wa tamasha la nyimbo, ujumbe wa kukumbusha ule ujumbe wa tamasha, ujumbe wa glovu zilizookotwa ambazo zisipochukuliwa kabla ya likizo zitagawiwa, kisha barua pepe ya mkuu wa wilaya mwenyewe. Aya ya kwanza hututakia mapumziko mema. Viambatanisho saba vinavyofuata huhakikisha hatuyapati.

Nilikosoma mimi, Moshi, shule ilizungumza na mzazi siku ya kufunga tu, kwa karatasi moja iliyokunjwa mara nne: nafasi yako darasani, ada inayodaiwa, tarehe ya kufungua, na chini kabisa, fagio moja na jembe moja lenye mpini. Mzazi alisoma, mtoto akatetemeka, mawasiliano yakaishia hapo.

Mimi na mke wangu tulishajizoesha kusoma matangazo kwa jicho moja. Kisha akaja mama yangu. Kila Desemba Wachaga hupanda kurudi Kilimanjaro, mabasi yanayotoka Dar es Salaam yanajaa hadi milangoni, na wanaobaki mjini wanapumua. Mwaka huo Mama aliamua kuwapisha. Wao wakapanda, yeye akaruka, akatua Minnesota katikati ya baridi akiwa na mitandio mitatu na sweta alizofuma mwenyewe. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Tangazo la shule kwake ni amri halali, hata kama ni la chawa. Na kwa kuwa ndiye anayeshinda nyumbani, mke wangu aliiandikisha simu yake kwenye orodha ya wilaya.

Hapa lazima nieleze kwanza habari ya baridi. Theluji peke yake haiwatishi watu wa huku. Magari ya kuikwangua huanza kazi usiku na asubuhi barabara zinapitika. Kinachofunga shule ni upepo. Upepo ukikutana na baridi kali, ngozi iliyo wazi huweza kuganda ndani ya dakika 10, na mtoto anayesubiri basi kituoni hana pa kujificha. Dizeli nayo huanza kuganda kwenye matangi kama mafuta ya nazi kabatini. Januari 2014 gavana Mark Dayton alizifunga shule zote za umma za jimbo zima kwa sababu ya baridi tu. Tarehe 30 Januari 2019 kipimo cha Minneapolis kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, za Selsiasi, kabla hujauhesabu upepo. Basi siku za namna hiyo mkuu wa wilaya na watu wake huamka usiku wa manane, husoma utabiri, huulizana na wenye mabasi, na uamuzi wao hutufikia kwa simu ya kurekodiwa kabla ya saa kumi na mbili alfajiri.

Mama aliipokea.

"Haloo," akasema. Sauti ikaanza kutangaza. "Ngoja kwanza," Mama akaikatiza, "habari za kuamka?" Sauti haikungoja. Akajaribu tena kwa Kiingereza cha darasani, polepole, akisisitiza kila herufi. Sauti ikapita hapo hapo kama basi lililojaa. Ilipomaliza Kiingereza ikaingia Kihispania, kisha Kisomali, kisha Kihmong, na Mama akasikiliza zote hadi mwisho akiamini ni watu wanne wanaopokezana simu moja. Tulimkuta jikoni, taa imewashwa, amekasirika.

"Mkuu wenu amelelewa na nani? Ananipigia usiku, hanisalimii, nikimsalimia ananisemea juu, halafu anawapa na wenzake waniseme!"

Tulimweleza kwamba ni mashine. Akajibu kwamba mashine imefundishwa na mtu.

Wiki ya mwisho kabla ya likizo shule nyingi za huku huwa na siku za mavazi, ili watoto wachangamke. Tangazo letu lilisema Jumatatu ni pajama. Mama, ambaye kwa miaka mingi alisimama mbele ya paredi akikagua kucha na kola, aliisoma sentensi ile mara mbili, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Hakubisha. Amri ni amri. Alichofanya ni kupiga pasi. Watoto wetu walipanda basi wakiwa na pajama zenye mikunjo iliyonyooka mguu mzima, kola zimesimama, viatu vinang'aa. Mwalimu wa darasa akaandika kuuliza kama familia yetu ilikuwa na sherehe.

Jumanne ilikuwa siku ya sweta mbaya. Ni desturi yao: watu hutafuta sweta ya Krismasi yenye rangi zinazogombana, hata yenye taa, na mbaya kuliko zote hupewa zawadi. Binti yetu hakuhangaika dukani. Alivaa aliyofumiwa na Bibi yake: machungwa, zambarau na kijani cha jani la mgomba, kifuani Mlima Kilimanjaro, na juu ya mlima theluji iliyofumwa kwa uzi ulioisha mapema, kwa hiyo ilifika upande mmoja tu. Akarudi na cheti cha ushindi.

Mama alikishika kile cheti kwa mikono miwili. Binti akamwambia, "Bibi, sweta yako imeshinda shule nzima." Hakuna neno la uongo hapo, na mimi baba yake nilikuwa na kazi ya haraka ya kuangalia gari nje. Dakika chache baadaye picha ya cheti ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Pongezi zikamiminika kutoka Moshi, Arusha na Dodoma, hadi shangazi yangu, anayesoma Kiingereza vizuri kupita kiasi, alipoandika: "Dada, hebu kuza hapo chini." Tunamshukuru Mungu Mama alikuwa ameshaiweka simu chini, anaanza sweta ya pili. Ya mwalimu.

Maana tangazo la Jumatano lilihusu zawadi za walimu. Huku mzazi humpa mwalimu kikombe, au kadi ya kununulia kahawa. Mama aliuliza kwa sauti ya chini kama matokeo yametoka. Nikamwambia bado. "Basi hiyo si zawadi," akasema, ila sindano hazikusimama.

Likizo yenyewe sina la kuisimulia. Watoto walikula, walilala, walipoteza glovu nyingine. Tatizo ni Januari. Shule hufunguliwa, na kabla watoto hawajakumbuka viti vyao inafika Jumatatu ya tatu ya mwezi, sikukuu ya Martin Luther King iliyoanza kuadhimishwa kitaifa mwaka 1986. Kisha siku ya walimu kujinoa. Kisha baridi. Siku hizi baridi hailazimiki kuleta mapumziko: sheria ya jimbo inaruhusu hadi siku 5 kwa mwaka za kusoma kwa kompyuta nyumbani, na wilaya yetu haiachi bahati hiyo ipotee. Hesabu ilikwenda salama, kusoma kukaenda kiasi. Likaja somo la michezo: mtoto afanye mazoezi ya dakika 30, mtu mzima ashuhudie na kuandika yalikuwa mazoezi gani.

Mtu mzima aliyekuwepo ni mmoja. Mke wangu aliporudi alikuta sakafu imedekiwa, masufuria yamesuguliwa kwa majivu ya mahali pa moto, theluji imekwanguliwa hadi kwa jirani, na watoto wamelala saa kumi na moja jioni. Kwenye fomu Mama aliandika kila kazi kwa mwandiko wake wa ubaoni, akaweka saini, akaongeza alama: 64 kwa 100, ajitahidi. Mwalimu wa michezo alijibu siku hiyo hiyo. Aliuliza kama Bibi anapatikana Alhamisi.