Mwaliko kwa Waziri wa Bajeti Aingie Likelemba Yetu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Bajeti,
Kinshasa.

Mheshimiwa,

Nakuarifu kwamba sisi wakazi wa Mulongwe, hapa Uvira, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganyika, tu wazima kwa kadiri mtu awezavyo kuwa mzima mahali hapa, na kwamba wale wasio wazima, kwa kuwa mimi ndimi katibu wao na mwenye daftari, wamenituma nikuandikie waraka huu. Nao si wa lawama, hasha, maana lawama zimekwisha andikwa na wengine kwa Kifaransa safi kuliko Kiswahili changu, na hatuna shaka kwamba zote zimehifadhiwa vema katika makabati ya wizara. Huu ni mwaliko. Tunakuomba, wewe pamoja na Serikali unayoitunzia hesabu, mwingie likelemba yetu.

Mchezo wenyewe huhitaji kufundishwa, kwani Kinshasa nzima huucheza: kila mtu hutoa chake mara moja kwa mwezi, na kila mwezi mmoja hupokea. Yetu ina tofauti moja tu, kwamba zamu haipangwi na katibu bali hupangwa na maradhi. Wanachama ni wauza ndagala, waendesha pikipiki, mafundi cherehani, walimu wanaongoja mshahara kwa subira ya Ayubu, na mjane mmoja anayechota mchanga mtoni Mulongwe na kuwauzia wajenzi. Naye hajakosa mchango hata mara moja, jambo ambalo nalitaja si kwa ajili ya kumsifu, bali kwa sababu Serikali, tangu sanduku letu lifunguliwe, haijatia ndani hata faranga.

Huenda ukauliza sanduku hilo lafanya kazi gani. Mke wa jirani yangu alipasuliwa ili ajifungue, katika hospitali moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa zipo nyingi zifananazo nayo. Kabla hajaulizwa aumwa nini, mumewe alinunua dirishani fishi, yaani kadi ya kumwonea tabibu. Kisha muuguzi akachana karatasi katika daftari la shule, akaandika kwa mwandiko mzuri sana, kwani ni mtu wa elimu: glavu, serumu, sindano, pamba, dawa ya usingizi, uzi, na yule bwana akavuka barabara usiku kwenda duka la dawa, akasimama chini ya taa ya sola akipatana bei ya uzi wa kumshonea mkewe kama mtu anunuaye uzi wa nyavu. Mtoto alizaliwa salama, alhamdulillahi. Nyuzi zikatolewa, kidonda kikakauka, tabibu akasema mama aweza kwenda nyumbani. Lakini hakwenda, kwa sababu hesabu ilikuwa haijalipwa, na asiyelipa hapewi boni ya kutokea. Akabaki kwenye kitanda cha dirishani, mgonjwa asiye na ugonjwa, akiletewa bugali na sombe na mama mkwe wake, ambaye mlinzi wa lango, mtu mpole, alimruhusu kuingia na kutoka apendavyo maadamu mkaza mwanawe hamfuati. Likelemba ikamkomboa.

Wala usidhani kwamba twamchukia yule muuguzi. Amevaa koti jeupe miaka mingi bila kuwa mekanize, yaani jina lake halimo katika orodha ya mishahara ya Serikali. Na wenzake ambao majina yao yamo hungojea primu zao, yaani marupurupu, kwa namna ile ile tungojeavyo mvua ya Septemba, wakiutazama mlima. Ada ya mgonjwa ndiyo chakula cha wanawe. Basi siku zile katika wodi ile palikuwa na mwanamke aliyezuiliwa na muuguzi aliyemzuia, na wote wawili, ukichunguza, walikuwa wakimngoja mtu mmoja ambaye hakuja. Mtu huyo ndiye tunayemwandikia.

Twasikia kwamba huko kwenu wenye elimu hujadiliana kama yaipasa Serikali kutumia fedha zaidi kwa ajili ya siha ya umma, na kwamba wapo wasemao hazina haina nguvu hiyo. Mjadala huu unatushangaza kidogo, kwa maana fedha zenyewe zinatumika tayari, usiku na mchana, nami ninazo katika daftari. Lililobaki kuamuliwa ni nani azitoe na wakati gani: azitoe mtu akiwa mzima, kidogo kidogo, pamoja na wenziwe wote wa nchi nzima, ama azitoe akiwa amelala chali, zote kwa mara moja, peke yake. Nyinyi mmeichagua njia ya pili, nasi twakiri kwamba ina hekima yake ya kiuchumi, kwani mtu aliyelala chali habishi bei.

Nisije nikaonekana mnyimi wa shukrani, yako maradhi ambayo kwetu hutibiwa bure. Kipindupindu ni mojawapo. Kimeishi nasi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, kimepata uraia bila kusumbuliwa makaratasi, kina kituo chake hospitalini na vitanda vyake vyenye tundu katikati na ndoo chini, na kwa kuwa kina marafiki ughaibuni wanaokigharimia, mgonjwa wake hapelekewi hesabu kitandani. Ndiyo maana mgeni akitaka kuugua Uvira kwa gharama nafuu, sisi humshauri augue kipindupindu. Asithubutu kuvunjika mguu.

Walakini hata kipindupindu chenyewe kingaliweza kupunguzwa bila miujiza. Watafiti wa chuo kimoja cha London walikaa na daftari mbili, moja ya mtambo wa maji wa Regideso, shirika la maji la Serikali, na nyingine ya wagonjwa waliopokewa kituoni, tangu mwaka 2009 hadi 2014, wakazilinganisha siku kwa siku, na mwaka 2015 wakachapisha waliyoyaona: ikipita siku moja isiyo na maji ya bomba, wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu huongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12 zinazofuata, na takriban robo ya wagonjwa wote, yaani 23.2 kwa mia, walitokana na maji kukatika. Umeme ukizimika, pampu husimama; pampu ikisimama, mama zetu huteremka ziwani na bidoni za njano, huchota palepale watu wanapooga na kufulia, na baada ya siku chache wale wa vitanda vya tundu huongezeka. Mama zetu walilijua hilo zamani, ila hawakuwa na mahali pa kulichapisha. Basi ukitaka kujua tuhesabu nini katika matumizi ya afya, tafadhali uanze na nyaya za umeme na mabomba, kabla hujafika kwenye vidonge.

Sasa niingie katika masharti, kwani likelemba isiyo na masharti ni sadaka, na Serikali haitaki sadaka.

Kiwango cha mchango wenu hatukukipanga sisi, mlijipangia wenyewe. Mwezi Aprili 2001, mjini Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kwamba kila nchi itatenga angalau asilimia 15 ya bajeti yake kwa ajili ya afya, na tangu siku hiyo Kongo haijafika huko. Fauka ya hayo, hata kile kidogo kinachopigiwa kura Bungeni hakitoki chote, kwa maana kati ya tarakimu zinazosomwa kwa sauti na fedha zinazolifikia duka la dawa la kituo cha afya pana safari ndefu kuliko ile ya kutoka Kinshasa mpaka Uvira, ambayo ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa mwendo wa ndege. Katika likelemba yetu, mtu akiahidi kumi akaleta nne, jina lake husomwa mbele ya kikao, mkewe akisikia. Hatusemi kwamba tutalisoma jina lako. Twakuarifu desturi tu.

Mtasema: vita. Ni kweli, na hatuhitaji kuhadithiwa, kwani Bukavu, makao makuu ya jimbo letu, ilipotekwa Februari 2025 wakuu wa jimbo walihamia kwetu, na Desemba mwaka huo huo vita vikatufikia sisi wenyewe. Mwaka huo huo pia Marekani ilisimamisha misaada yake, ndipo wengi wakang'amua kwamba dawa walizozidhania za Serikali zilikuwa za mgeni. Lakini udhuru wa vita una kasoro moja, kwamba hauonekani kuyahusu matumizi yote kwa usawa. Mwaka 2022, vita vikiwapo, waheshimiwa wabunge walipokea magari mapya aina ya Hyundai Palisade, na hatukusikia hata mmoja akilirudisha lake kwa sababu ya hali ya usalama.

Mtasema tena: umaskini. Hapo, Mheshimiwa, nakusihi usimame ufukweni Kavimvira, utazame ng'ambo. Taa zile ni za Bujumbura, haizidi kilomita 30 kwa barabara, mji wa nchi isiyo na kobalti wala shaba ya kulinganishwa na yetu, na iliyo maskini kutushinda sisi. Na nchi hiyo, tarehe 1 Mei 2006, ilitangaza kwamba mama ajifunguaye na mtoto aliye chini ya miaka mitano watatibiwa bure. Sitii chumvi: hospitali zilifurika, wauguzi wakazidiwa, na malipo ya Serikali kwa hospitali hizo yakachelewa hata ikabidi utaratibu mzima upangwe upya. Tangazo lisilo na fedha nyuma yake ni deni analobebeshwa muuguzi, na ndiyo sababu tunamwandikia Waziri wa Bajeti badala ya kumwandikia yule wa Afya, ambaye matangazo anayo ya kutosha. Hata Kinshasa, Septemba 2023, mlianza mpango wa akina mama kujifungua bure, na tuliufurahia kwa dhati, kwa kuwa ulithibitisha kwamba jambo lenyewe lawezekana; tukabaki wakati ule tukijiuliza tu kama mtoto wa Mulongwe huzaliwa kwa njia nyingine.

Iko hoja ya mwisho, nayo ni ya heshima zaidi: kwamba wakubwa wenyewe hawazijui hospitali zetu, hivyo si insafu kuwadai. Zamani haikuwa hivyo. Aprili 1858 Burton na Speke, Waingereza wawili waliokuwa wakitafuta chanzo cha mto Nile, waliletwa Uvira kwa mitumbwi, mmoja ulimi umejaa vidonda hata kusema kunamtaabisha, mwingine sikio limeharibika kwa mdudu aliyeingia humo. Hawakukuta hospitali, na kasoro hiyo tunawasamehe wahenga wetu. Baadaye safari ikageuka, wagonjwa wakubwa wakawa ndio waendao Ulaya. Mwezi Agosti 1996 Rais Mobutu alipasuliwa Lausanne, Uswisi, akabaki huko Ulaya akiuguzwa. Na tarehe 6 Oktoba ya mwaka huo huo, kule Lemera, milimani katika wilaya yetu hii hii ya Uvira, hospitali ya wamisionari ilivamiwa, wagonjwa wakauawa vitandani pamoja na wauguzi wao. Mkuu wa matibabu wa hospitali ile, daktari Denis Mukwege, alinusurika, akaanzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu mwaka 1999, na mwaka 2018 akapewa tuzo ya Nobel ya amani. Ulimwengu ulimpigia makofi, na Serikali nayo, baada ya kufikiri, ikapiga. Lakini makofi hayaingii sandukuni, na pendekezo letu katika jambo hili ni dogo: kwamba kila waziri, akipatwa na homa, atibiwe kwanza katika kituo cha afya kilicho karibu na mahali homa ilipomkuta, anunue fishi, akabidhiwe karatasi ya daftari la shule, na apewe ruhusa ya kupanda ndege baada ya kupata boni ya kutokea.

Kuhusu haki za mwanachama mpya, ni zile zile za wote. Ibara ya 47 ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, inayodhamini haki ya afya, na ile ya 48, inayotaja maji ya kunywa na umeme, husomwa mwanzoni mwa kikao, baada ya dua ya shehe na sala ya mchungaji, kwa kuwa wanachama wengine huona ni maandiko ya aina moja, yanayohitaji imani. Mchango wa kujiunga kwa mtu wa kawaida ni faranga elfu tano. Kwa Serikali tumeona tusidai kiingilio, ila malimbikizo: mishahara ya wauguzi wasio mekanize, primu za waliomo katika orodha, na fedha za uendeshaji za kila zoni ya afya, tangu Ruzizi hadi Fizi, zile ambazo Bunge limekwisha zipigia kura; tukishapata hizo ndipo tutaanza kuzungumza juu ya zile kumi na tano kwa mia.

Kikao hufanyika Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa tisa alasiri, uwanjani kwa fundi cherehani, nyuma ya soko. Gari liachwe barabara kuu, kwani kichochoro hakipitishi Palisade. Risiti hutolewa papo hapo na kutiwa muhuri. Usipoweza kufika wewe mwenyewe, mtume mtu, na wanachama wamesisitiza niandike kwamba mtu huyo aje na fedha, hotuba tunazo.

Wako katika kuitumikia nchi,

Katibu wa Likelemba,
Mulongwe, Uvira.