Rambirambi za Kitabu cha Kuazima

Hadi naandika haya, rambirambi bado zinaingia. Asubuhi ya leo ni jamaa wa Korogwe, mtu ambaye hatujasalimiana tangu harusi ya binamu, kanitumia dua ndefu na mwishoni akauliza mwili unasafirishwa lini. Hakuna mwili. Kuna kitabu tu, tena si changu. Ni cha maktaba ya jimbo jingine ambayo hata mlango wake siujui.

Nilikitaka Simu ya Kifo, ile riwaya ya upelelezi ya Faraji Katalambulla iliyotoka mwaka 1965. Hapa Ohio, maktaba ya chuo haina. Mkutubi hakutikisika. Akasema kitaombwa kwingine, nijaze fomu, nikae nisubiri.

Sasa utaratibu huu umeniteka, kwa hiyo nivumilie. Mwaka 1876, mkutubi wa mji wa Worcester, Massachusetts, aitwaye Samuel Green, aliandika katika jarida la wakutubi akishauri maktaba ziwe zinaazimana vitabu. Wazo la kiungwana, na wenzake walichukua miaka mingi kulifanya mazoea. Siku hizi maombi mengi hupitia kwenye mtandao wa OCLC, shirika lenye makao yake Dublin. Si Dublin ya Ireland, ni ya hapahapa Ohio. Lilianzishwa mwaka 1967 kwa ajili ya vyuo vya jimbo hili peke yake, na mwaka 1979 likaanza kupitisha maombi ya kuazimana kwa kompyuta. Uzuri wake ni kwamba ombi lako halitangazwi kwa kila mtu. Mkutubi anatafuta ni maktaba zipi zinacho, anazipanga foleni, hata kumi na tano, halafu ombi linapiga hodi mlango mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza anapewa siku zake chache. Akisema kimeazimwa, akisema hakionekani rafuni, au akinyamaza tu, ombi linasogea kwa jirani bila kinyongo. Aibu yote ya kunyimwa inabebwa na mashine. Wewe umelala zako.

Na kati ya nchi na nchi? Hapo ndipo nilipokosa usingizi. Mwaka 1995 shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, lilianzisha vocha za plastiki, ambazo baadaye moja iliuzwa kwa euro 8. Ukiletewa kitabu, ulikuwa unatia vocha kwenye bahasha unaituma. Aliyeipokea hakwenda nayo benki. Aliiweka, naye akitaka kitabu cha mtu aliilipa hiyohiyo. Wakutubi walikuwa na fedha yao, jamani, na sisi wengine hatuna habari!

Basi kitabu kikaja, na utepe wa karatasi kiunoni: kisomewe ndani ya maktaba tu. Nikapelekwa chumba cha nyaraka adimu. Begi likaingia kabatini. Kalamu ya wino nikanyang'anywa, nikapewa penseli. Simu niliruhusiwa, kwa ajili ya picha, mradi isitoe sauti. Kisha msimamizi akaja na mto. Nikajua ni wangu, kwa maana kiti kilikuwa cha mbao tupu. Akaupita mgongo wangu, akauweka mezani, akakilaza Simu ya Kifo juu yake kama kichanga ambaye hajatoka arobaini. Kitabu cha karatasi chenye kurasa zilizogeuka rangi, cha kusoma kwenye basi la Segera!

Nilikuwa nimeanza kunogewa simu ilipotetemeka. Meza ile ni ya mbao za zamani, nayo ilitetemeka yote, na wasomi wote wakainua vichwa. Ni shangazi, kutoka Tanga, na shangazi usipopokea hupiga mpaka betri ya mmoja wenu iishe. Nikainama chini ya meza.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona unanong'ona? Kuna nini?"

"Simu ya Kifo," nikamwambia. "Siwezi kuongea, nitakupigia."

Nilipoinuka, msimamizi alikuwa amesimama juu yangu na mkono kaunyoosha. Simu ikafuata begi kabatini. Kanuni yao ni kwamba ukitoka kuifuata, kitabu kinarudishwa stoo na zamu yako imekwisha kwa siku hiyo. Nikabaki. Nilisoma kwa raha mpaka wakafunga.

Nilipofungua kabati, kundi la ukoo lilikuwa limebadilishwa jina kuwa MSIBA. Shangazi alishalia, majirani walishakuja, na kwa kuwa sikutaja jina, kikao kilikaa kumtafuta marehemu. Wakampata: kaka yetu wa Houston, ambaye anafanya kazi usiku, mchana analala na simu kaizima. Kapigiwa, hapatikani. Ushahidi ukatosha. Orodha ya michango ilishafika ukurasa wa pili. Kaka akaamka, akasoma jina lake mwenyewe, akaandika, "Jamani, nipo hai." Mjumbe mmoja akajibu papo hapo: "Nani anatumia simu ya marehemu? Tuwe na ubinadamu." Ilibidi apige kwa video, tena ataje jina la bibi mzaa mama, ndipo turubai likashushwa. Michango haikurudi. Mweka hazina anasema fedha ya msiba hairejeshwi, itasubiri msiba. Kaka hanisemeshi.

Kabla ya hapo niliwahi kuomba makala kuhusu taarabu, ikaja imepigwa skani na kidole gumba cha mtu juu ya ukurasa niliokuwa nautaka. Niliomba gazeti la zamani, likaja katika mkanda mdogo wa filamu, na mashine ya kuusomea ilikuwa mbovu.

Hayo nayacheka. Kuna moja silicheki. Mjomba, mwalimu mstaafu wa Muheza, aliposikia kisa hiki aliuliza kitu kimoja tu: naye atakipataje kitabu? Cha kwake kiliazimwa na mtu miaka hiyo na hakikurudi. Nikaenda kaunta kwa heshima zote. Nikaambiwa mwenye kitabu hatumi nje ya nchi. Na skani? Kitabu kizima hapana, kingali na haki za mwandishi. Sehemu ndogo tu. Nje ya nchi! Kwenye jalada la ndani kuna muhuri wa duka la vitabu la Mombasa, na bei kwa shilingi. Najua vilivyokuja, vitabu vya namna hii. Tangu mwaka 1966 Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi, inanunua vitabu na magazeti ya ukanda wetu kwa ajili yake na kwa ajili ya vyuo vya huku vinavyochangia gharama. Siwalaumu. Walinunua na kutunza wakati sisi kurasa hizohizo tulikuwa tunafungia karanga. Lakini kuja kilikuja bila kuulizwa mpaka, kurudi hata kwa likizo hakiwezi, na foleni ile ya milango kumi na tano, niliyoisifia hapo juu, haifiki Muheza.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama huko kina wasomaji. Nikamwambia karatasi ya tarehe iliyogandishwa nyuma inaonyesha mara ya mwisho kuazimwa mimi sijazaliwa.

"Na hicho," akasema, "ndicho wanachokiwekea mto?"