Majemadari wa Mezani

Mjini Nottingham, Uingereza, makao ya Warhammer, mchezo wa vita vya vinyago uliotoka 1983, watu wazima na ndevu zao hukutana kupigana vita. Jeshi zima linaingia sandukuni. Askari hafikii kidole gumba. Jemadari mmoja kakesha miezi akilipaka joka lake rangi, gamba kwa gamba, kwa brashi yenye ncha kama kope. Siku ya mashindano anainama, anavuta futi, anabishana na mwenziwe juu ya robo inchi mpaka refa aitwe. Anarusha dadu: moja, moja, tena moja. Joka limekufa raundi ya kwanza, hata halijamkwaruza mtu! Analipangusa vumbi, analilaza kwenye sponji yake taratibu.

Halafu sisi wacheza bao wa barazani ndio tunaoitwa hatuna kazi.